Mteremko wa Mama

Rangi ya maji haina msamaha: ukikosea, umekosea. Na kitu cheupe hakipakwi rangi, unaiacha karatasi ilivyo. Hayo nilimfundisha mimi rafiki yangu, siku nilipompeleka kwenye darasa letu la Jumamosi pale Malvern, huku ughaibuni, maana alitaka kuyapaka mawingu kama fundi anayepaka ukuta chokaa.

Mama alipofariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, siwezi kusafiri. Nikamzika kwa simu ya video. Ilikuwa asubuhi, rafiki yangu amekaa nami kwenye kochi, amenishika mkono, nami namweleza kila kitu: huo ndio mteremko wetu kule Lushoto, hiyo migomba ya mama, hapo njia inakata kushoto, na lile kaburi la baba, ambalo mama alikuwa analazwa kando yake. Alilia kuliko mimi.

Mwaka mzima nikawa naupaka rangi mteremko ule. Kila nikifika penye makaburi, mkono unagoma. Picha zote nilizisukuma chini ya kitanda, na rafiki yangu peke yake ndiye niliyemwonyesha.

Theluji ilipoisha, darasa likafanya maonyesho maktabani. Nilichelewa, nimetoka kazini na sare yangu ya unesi. Nikaukuta mteremko wangu ukutani. Migomba, njia ya kushoto, ukungu ulioachwa vizuri, nakiri, na yale makaburi mawili yaliyonishinda. Chini, jina lake.

Mtu wa Dar huyo, Lushoto hajafika hata kwa basi. Mama yake yu hai, juzi tu nilimwamkia kwenye simu! Naye rafiki yangu alikuwa anamweleza mwalimu wetu, bibi wa Kizungu, kwamba hapo ndipo alipomzika mama yake. Bibi wa watu anafuta machozi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kuing'oa picha ile niikanyage.

Mwalimu akaniona, akanivuta mkono. Akaniambia kwa Kiingereza, “Wewe ni wa kwao. Mfariji kwa lugha yenu.”

Watu wote wanatutazama. Kwetu mtu hagombi matangani, hata kama matanga yenyewe ni ya uongo. Nikampa mkono.

“Pole kwa msiba, shoga.”

Akanitazama usoni, wala hakupepesa.

“Asante, shoga. Nimeshapoa.”