Mate Yangu kwenye Kichupa cha Mama

Ile asubuhi ya Ramadhani siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi kabla ya kuwa juu ya mtu mwingine. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, najiona najua kila kitu.

Mama yangu, Bi Rukia, alikuwa na maradhi ya sukari. Tulikaa Kikwajuni, naye akishona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vinavyozungushwa uzi mpaka ukashangaa jicho gani linaona vile. Lake liliona. Mabwana harusi walitoka Mji Mkongwe kuja kuagiza kofia kwake, na yeye alijivunia, na alikuwa na haki.

Daktari alimkataza kufunga. Shekhe wa msikiti wetu naye alimwambia wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa, alishe maskini. Mama aliwaitikia wote wawili, kisha akafunga. Nilijua. Majirani pia walijua, na badala ya kumkanya walimsifu: Bi Rukia na sukari yake, hajala hata siku moja. Wale wanawake nawalaumu mpaka kesho. Ni rahisi kumsifu mgonjwa anayejiumiza, maana maumivu si yako.

Siku hiyo kliniki ya sukari kulikuwa na wataalamu wageni. Muuguzi wetu, Bi Zuwena, mwanamke mpole ila kazini hana mchezo, alitueleza sote kwenye benchi kwamba wanataka mate. Mwenye sukari, alisema, mwili wake unaweza kuwa na uvimbe wa ndani usioonekana, na alama zake hutoka hata kwenye mate. Wataalamu walikuwa wakichunguza kama mate yenye alama nyingi yanakwenda pamoja na macho yaliyokwisha kuanza kuharibika kwa nyuma, kabla mwenyewe hajahisi kitu. Daktari wa macho angekuja na mashine ya leza, ile inayotibu jicho kwa mwanga, kwa wiki moja tu. Hakuweza kuwatazama wote, kwa hiyo wenye alama nyingi wangetangulia, na waliobaki wangesubiri safari yake ya pili.

Kila mgonjwa akapewa kichupa na kipande cha nta safi cha kutafuna ili mate yatoke. Mama akanivuta buibui.

"Nshafunga siku kumi na tisa. Leo ntafune nta mbele za watu?"

Nilimnong'oneza kwamba tumwambie Bi Zuwena ukweli. Akakataa, akasema atasemwa mbele ya benchi zima kama mtoto. Akanitia kile kichupa mkononi, chini ya buibui.

"Tema wewe. Mate yako na yangu si yale yale? Si nimekuzaa mimi?"

Mimi sikuwa nimefunga, nilikuwa na udhuru wangu wa mwezi. Nikaenda chooni, nikatafuna, nikatema, nikarudisha kichupa chenye jina la mama. Bi Zuwena akanishukuru. Nikaona nimemsitiri mzazi wangu. Neno hilo la sitara tumelelewa nalo, na ni neno zuri, lakini mimi nililitumia kufunika jambo lililotakiwa lionekane. Na usiniambie nilikuwa mtoto. Mama alidhani ni udadisi wa wageni tu. Mimi maelezo niliyasikia na niliyaelewa.

Idi ilipopita wakaitwa wa kutangulia. Jina la mama halikuwemo. Nilimwambia mate yake yametoka safi, na tulicheka, mwanangu. Tulikaa barazani tukacheka.

Miezi michache baadaye akaanza kusema kuna nyuzi nyeusi zinapita mbele ya kofia anayoshona. Nikamjibu labda ni uzi wa kweli. Kisha jicho la kulia likavuja damu kwa ndani, na kabla daktari hajarudi, la kushoto likafuata. Siku daktari aliporudi alimtazama muda mrefu, halafu akauliza kwa nini mama huyu hakuitwa mara ya kwanza. Bi Zuwena akafungua daftari, akasoma kwamba mate yake yalikuwa safi kuliko ya watu wote. Wakabaki wanatazamana, hawaelewi, wanayashuku mate na mashine zao. Hapo ndipo nilipokiri.

Daktari alisema leza ingeweza kuzuia mengi wakati ule, sasa kilichobaki ni kidogo. Bi Zuwena hakupandisha sauti.

"Ningemsema, ndiyo. Kisha ningempa kichupa aende nacho kwake, akatoe mate baada ya futari."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Niliuza macho ya mama yangu ili asisemwe dakika mbili.

Tulirudi kwa miguu, mkono wake begani mwangu. Nilikuwa nalia, yeye halii. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Ungenisema kwa Bi Zuwena, ningenuna siku mbili tatu. Kisha leo ningekuwa nnaona."

Hakulitaja tena mpaka Mungu alipomchukua.

Basi, mwanangu, nakuusia, na nakuusia kwa ukali kwa sababu upole wangu ulishafanya madhara. Aibu ya mzazi wako ifiche kwa majirani, usiifiche kwa anayemtibu. Akifunga kwa siri, mseme. Akiacha dawa, mseme. Usipeleke chako kwa jina lake, mate, mkojo wala damu, hata akikuomba kwa maziwa aliyokunyonyesha. Mpeleke akatazamwe macho kila mwaka, na hasa wakati bado anaona vizuri. Na akinuna, mwache anune. Mpikie uji, mkalie karibu, kununa kutaisha.

Mungu akupe moyo wa kustahimili kununiwa na unaowapenda, na wazazi wako awaachie nuru ya macho yao mpaka siku ya mwisho, wakuone wewe na wakuone wanao. Amin.