Jiko la Ghorofa ya Chini

Watu wa Machakos tukikutana na watu wa Nairobi, hatukawii kuwakumbusha kwamba serikali ya mkoloni ilikaa kwetu kwanza, wakati kwao ni matope na vyura. Tunalisema hilo kwa mbwembwe, utadhani ni sisi tuliomwalika. Tusilolisema ni kwamba reli ilipokuja ilipita mbali, ofisi kubwa zikahamia huko ilikopita, na sisi tukabaki na mji wa mawe, maduka ya bati na baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka milima ya Iveti. Mji wetu umezoea kupitwa. Kwa hiyo chuo kilipofunguliwa, na miaka mingi baadaye kikapandishwa hadhi na kuitwa chuo kikuu, hakuna aliyeuliza maswali. Tulisema zamu yetu imefika.

Boma letu liko upande wa mlimani, mwendo mfupi kutoka lango la chuo. Nilipokuwa mtoto wanafunzi walikuwa wachache, lakini mabweni yalikuwa machache zaidi, na waliokosa nafasi walipanga kwa watu. Mama yangu alikuwa na vyumba vya matofali nyuma ya nyumba, alivyojenga baba kabla hajafariki. Waliopita katika vyumba hivyo leo ni walimu wakuu, ni makarani wa kaunti, na mmoja ni kasisi ambaye alikuwa mvivu ajabu wa kuchota maji.

Kupanga kwa mama kulikuwa na sharti moja, nalo halikuandikwa popote: "Hapa hakuna sufuria mbili." Chuo kikifunguliwa, kila mpangaji alifika na kiondo cha nafaka kutoka kwao. Huyu mahindi, yule mbaazi, mwingine maharagwe. Mama alivimwaga vya aina moja pamoja, bila kuuliza nani kaleta vingi. Jioni mahindi yalitwangwa kwenye kinu, kwa maji kidogo, mpaka yakatoka maganda, kisha yakapikwa na kunde au mbaazi yakawa muthokoi. Tulikula mahindi ya Mwala, mbaazi za Ndithini na maharagwe ya Mitaboni katika sahani moja, na hakuna aliyejua punje yake ni ipi.

Mvua ikikosa kunyesha Mwala, kuna wanafunzi waliofika mikono mitupu. Nakumbuka mmoja, kijana mrefu mwenye aibu, amesimama langoni na kiondo kilicholegea kama soksi kuukuu. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua kama kitu kizito, akaguna kidogo, akakiingiza ndani haraka kabla wengine hawajatazama. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona vizuri kwamba hakikuwa na kitu. Nilipofungua mdomo, alinitupia jicho moja tu, nikaufunga.

Sitaki kujifanya kwamba niliyafurahia maisha hayo yote. Mimi ni kitindamimba, nilizoea kudekezwa, na wapangaji walikuwa wakipakuliwa kabla yangu. Nilinuna. Lakini ni msichana mmoja wa Ndithini aliyenifundisha hesabu za sehemu pale kizingitini, akikata chapati vipande na kula kila kipande nilichokosea. Nilijifunza upesi kwa sababu ya njaa. Leo nafanya kazi ya hesabu katika ofisi huko Syokimau, na kila nikigawanya kitu huwa namkumbuka akitafuna.

Kisha chuo kikavimba. Majirani walikata kahawa yao iliyobaki, wakasawazisha matuta ambayo mama zao walichimba kwa mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi, wakapandisha ghorofa zenye vigae vya rangi na majina ya Kizungu. Barabara yetu ya vumbi ikajaa vibanda vya kuchapisha na kutoa nakala, soseji za smokie za moto, mitungi ya gesi na mabango ya intaneti ya bure. Mji ulichangamka, siwezi kusema uongo. Watu waliokuwa wakilala saa mbili sasa wanauza chipsi usiku kucha. Lakini wapangaji wa mama walianza kuhama mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema wamepata rumu iliyo na choo ndani. Wa mwisho aliondoka katikati ya muhula. Alimwachia mama debe la mahindi, na mama alilia kwa sababu ya lile debe kuliko kwa sababu ya kuondoka kwake.

Vyumba vikakaa bure, na mkono wa mama haujui kupika kidogo. Nikija kumtembelea nilikuta sufuria imejaa, na kuku wa jirani wamenenepa.

Sisi watoto wake tuko watatu: kaka yangu anafanya kazi kiwandani Athi River, dada yangu anauza nafaka sokoni Mitaboni, na mimi. Tulikuwa tumezungumza kisirisiri juu ya kujenga, tukapanga hata maneno ya kumbembeleza mama akikataa. Hatukuyahitaji. Alituita yeye mwenyewe Jumapili moja baada ya kanisa, akatupa chai, akasema, "Nataka ghorofa. Kubwa kuliko ya huyu jirani." Kaka yangu nusura amwage chai. Tulicheka sana siku hiyo. Tulidhani mama amekuwa mtu wa biashara uzeeni.

Tulielewa siku fundi alipoleta mchoro. Mama aliugeuza huku na huku, akauliza, "Jiko liko wapi?"

"Kila rumu iko na kona ya gesi, mama," fundi akajibu. "Mtu anajipikia huko ndani."

"Asi! Kwani ni wagonjwa, wa kupikia kando ya kitanda?" Aliweka kidole kwenye ghorofa ya chini. "Hapa. Weka jiko kubwa hapa. Na benchi."

"Lakini hapo ni rumu mbili zitapotea."

"Wacha zipotee. Watu wote hao watakula wapi?"

Nilitazamana na dada yangu. Ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: kama vyumba vichache vya matofali vilileta wale watoto wote mezani, ghorofa nzima italeta wangapi? Hakutaka jengo. Alitaka sufuria ijae tena na ipate wa kuimaliza. Hatukuwa na moyo wa kumwambia kitu, na labda sisi pia tulitamani awe sahihi. Vyumba vya matofali vikabomolewa, ghorofa ikapanda, na jiko likajengwa, pana, na dirisha linalotazama ua.

Siku wanafunzi walipoingia, mama alikuwa ameshapika. Walishuka kwa pikipiki na magodoro, spika, mitungi ya gesi na katoni za noodles. Hakuna aliyebeba kiondo, na kwa nini abebe? Aliwakaribisha mmoja mmoja kwa mlango wa jiko. "Asante shosho, tuko sawa," walisema, kama mtu na bibi yake, na walikuwa wapole kweli. Mmoja aliomba kupiga picha sufuria kwa sababu hakuwahi kuona kubwa hivyo. Wawili walionja, wakasifu, wakapanda juu. Kufika jioni muthokoi ulikuwa umeganda, na kila mlango umefungwa, na kutoka nyuma ya kila mlango ilitoka harufu tofauti.

Mama alisema ni ugeni tu, watazoea. Alisema hivyo muhula wa kwanza na muhula wa pili. Kaka yangu akaanza kutaja, polepole, kwamba kuna mtu anataka kukodi jiko liwe duka la kutoa nakala. Mama alikuwa akibadilisha mazungumzo. Mimi nilimkasirikia kaka yangu, ingawa nilijua anasema kweli, na pengine ndiyo sababu nilikasirika.

Jumamosi moja mwaka huu nilikwenda kumwona. Mwanamke anayefagia ngazi akatuambia kwamba msichana mmoja wa ghorofa ya juu kabisa hajatoka tangu juzi, anasikika akikohoa.

"Ni wa wapi?" mama akauliza.

"Nasikia ni wa Mwala."

Sijamwona mama akisimama haraka hivyo kwa muda mrefu. "Wa Mwala!" alisema, kana kwamba ni jina la mtu wa ukoo wetu. Aliwasha moto, akapika uji, akachemsha na muthokoi laini wenye kunde, akavaa leso safi. Magoti yake ni mabaya, na ngazi ni nyingi. Nilimwambia nitapeleka mimi. Alinipa hotpot nibebe, lakini alitangulia yeye, akijishika ukutani, akipumzika kila kona na kunionya nisimwage.

Alibisha. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo. Msichana alikuwa amejifunga shuka, simu mkononi, macho mekundu ya mafua. Alimtazama mama juu mpaka chini, kwa upole, kama unavyomtazama mzee aliyepotea njia.

"Shosho," alisema, "unatafuta nani?"

Sikumwonea hasira. Angejuaje? Mwenye nyumba, kwake yeye, ni namba ya simu ya kaka yangu. Lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akimwuliza mama swali hilo ndani ya boma lake. Nilifungua mdomo nimwambie yule msichana huyu ni nani. Mama akanishika mkono, akaubana.

"Nimekosea mlango, mwana wakwa," akasema. "Unywe maji ya moto. Pole."

"Haina shida, shosho." Mlango ukafungwa taratibu.

Tulishuka. Kwenye kona ya kwanza mama alikaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa kando yake na ile hotpot mapajani, bado ina joto. Nilitaka kumwambia kwamba ninajuta, kwamba tungemwachia vile vyumba vyake vya matofali. Lakini ghorofa aliitaka mwenyewe, na mji huu usingetungoja, na vile vyumba vingekuwa vitupu vilevile. Sikuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Si mgonjwa sana," mama akasema. "Uso wake uko na rangi."

Akafuta jasho kwa ncha ya leso.

"Mpigie kaka yako. Mwambie huyo mtu wa duka aje aone jiko."

Nilimwuliza kama ana hakika, nikamwambia tungoje muhula mmoja zaidi, huenda huyu akipona atashuka.

"Hapana," akasema. "Watu wangu walimaliza kusoma."