Nilivyowatukana Kina Magdalena wa Kwihara

Jamani, aibu hii nimeificha muda mrefu, na leo naisema mwenyewe kwa sababu mke wangu ameshaanza kuisimulia mtaani, na yeye huwa anaongeza chumvi.

Nilikwenda Kwihara kupeleka posa kwa kina Lena, mimi na mshenga wangu Mzee Hamisi, seremala wa pale Tabora mjini, na ndoo ya asali mkononi. Tukaikuta nyumba imejaa watu, kumbe ni sikukuu ya somo wa bibi yake, yaani yule mtakatifu ambaye bibi alibatizwa kwa jina lake, Maria Magdalena. (Mimi Mmoravian, kwetu somo ni la kusoma tu.) Mzee Hamisi akaninong'oneza, "Wewe salimia, kaa, kula. Maneno niachie mimi." Ningemsikiliza! Lakini nilivyoona wakwe wananitazama, nikataka wajue kwamba na sisi watakatifu wao tunawafahamu, basi pilau haijapoa nikasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Hongera kwa somo wako, bibi. Magdalena alikuwa malaya wa kujulikana mji mzima, lakini akatubu, akamwosha Bwana miguu kwa machozi. Ni mfano kwetu sote."

Shangazi mmoja alikuwa anatafuna mfupa, akauacha mdomoni. Bibi akauliza taratibu, "Umesema somo wangu alikuwa nani?" Nami nikadhani hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti.

Akaagiza Biblia, akanipa nisome. Nikafungua Luka, jasho linanitiririka, nikampata yule mwanamke mwenye dhambi, nikasoma juu, nikasoma chini, hana jina. Hana! Nikageuza ukurasa, Magdalena huyu hapa, katolewa pepo saba, anamhudumia Yesu kwa mali yake. Nikaona nijitetee (sijui nani alinituma), "Basi bibi, malaya hakuwa, alikuwa na mapepo tu."

"Yake yalitoka," bibi akasema. "Yako naona bado yamo. Na aliyemwona Bwana kwanza siku ya kufufuka ni nani?"

"Magdalena," nikajibu kama mtoto wa mafundisho.

"Na huyo ndiye mliyembandika dhambi za mwenzake. Wanawake wawili mmewafanya mmoja, kisa hamkuuliza. Haya, mjukuu wangu unayemtaka, jina lake la ubatizo nani?"

Moyo ukatulia. Hili nalijua, nikasema kwa furaha kabisa, "Helena!"

Lena alikuwa anawanawisha wageni. Akaliweka birika chini.

"Magdalena," akasema. "Nimerithi kwa bibi. Miaka miwili tuko pamoja, Yona, hujawahi kuniuliza."

Mzee Hamisi akafunika uso kwa kofia yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na kweli niliumia, maana Lena hakucheka hata kidogo. Posa ikarudishwa palepale pamoja na asali yangu, nikaambiwa nirudi nitakapokuwa najua namwoa nani.

Nilirudi mara tatu ndipo wakanikubali. Siku hizi mwanamke akitajwa kwa ubaya mbele yangu, awe wa kwenye Biblia au wa mtaa wa pili, nauliza kwanza: una hakika ni yeye?