Dume Aliyezaa Akiwa Kaburini

Mwanangu, kuna siku moja ya kule kijijini Kimbiji sijaizungumza hata na mama yako. Nakuambia wewe kwa sababu umemaliza chuo cha mifugo, na jana nilikusikia ukijisifu kwamba unamjua dume bora kuliko wote.

Mie pia nilikuwa na dume wangu, aliyejulikana Kimbiji nzima. Aliitwa Jabali, ng'ombe wa nyama, mgongo mpana, mapaja yamejaa. Ukimwita aliinua kichwa, akakilaza upande wa kushoto, akatulia hivyo akikusikiliza. Alikufa mapema, lakini mbegu zake zilikuwa zimeshavunwa na kugandishwa kwenye mirija midogo, ndani ya mtungi wa baridi kali. Nilizunguka na mtungi ule nyuma ya baiskeli, nikiwapandisha ng'ombe wa watu. Mwaka wa nne dume yuko kaburini na bado anazaa. Nilikuwa nalisema hilo nikicheka. Kadi za ukoo, za kuonesha kila ndama ni wa dume gani, sikuandika, maana nilijiona nina kichwa cha kutosha.

Bibi Salima, mjane, alibakiwa na mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, baada ya ng'ombe wake wote kufa kwa ugonjwa wa kupe. Huyo ndiye angemrudishia zizi. Siku ya kumpandisha aliniuliza, akimgusa mtamba, "Babake huyu ni nani? Isije ikawa huyo huyo Jabali."

Nilijua ni Jabali. Mama wa mtamba nilimhudumia mwenyewe. Lakini mtungini sikuwa na mbegu nyingine, na kurudi mjini Chang'ombe kufuata za dume mwingine niliona uvivu. Nikamjibu, "Si yeye bibi, ondoa shaka."

Ndama alipozaliwa nikaitwa. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na uani kwake hata kuku hawakulia. Nilipopiga kengele ya baiskeli langoni, ndama aliinua kichwa, akakilaza kushoto, akatulia. Macho yake yalikuwa meupe yote, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Mama yake naye akakilaza kichwa kushoto. Ndama wengine wawili wa mbegu za Jabali walikuwa wamezaliwa vipofu pale pale kijijini, na kila nikipita walinigeukia hivyo hivyo. Nilikuwa nimejiambia ni bahati mbaya tu.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Alimpapasa ndama shingoni, kisha akasema taratibu, "Mie nimemjua Jabali walipolaza vichwa, huyu na mamake. Umempandisha mtoto kwa babake, halafu ukanitazama usoni ukaniambia si yeye."

Nikaanza kumweleza habari za vinasaba, kama nilivyofundishwa. Akanikatiza. "Mwambie huyu," akasema, akimwonesha ndama.

Nikautoa mtungi kwenye baiskeli, nikaumwaga mchangani, mirija na yote. Moshi mweupe wa ile baridi ukatambaa chini hadi miguuni mwa ndama. Akauinamia, kichwa kushoto, akitega sikio, kana kwamba mle ndani kuna anayemwita. Niliogopa, mwanangu, na aibu ilizidi woga. Zizi la Bibi Salima halikurudi tena, maana hakukubali mtamba wake apandishwe mara nyingine. Alimlea yule kipofu, akimwongoza kwa mkono kwenda majini, hadi mauti yalipomchukua bibi mwenyewe.

Basi nisikilize. Mapaja mazuri na macho mabovu husafiri katika damu moja. Kasoro ikitoka kwa mzazi mmoja hujificha, huioni hata ukikodoa macho. Ikitoka kwa baba na kwa mama, inazaliwa. Kwa hiyo usimpende dume ukasahau kuuliza jike ni binti wa nani. Andika, hata kama unakumbuka. Usipojua, sema hujui. Na ukijua, mwambie mwenye ng'ombe ukweli, hata kama itabidi urudi mjini mikono mitupu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mkono mwepesi na ndama wanaoliona jua. Na kila ua utakaoingia, akujalie mzee wa kuitikia shikamoo yako.