Bife Iliyogoma Kuingia Mlangoni

Wiki iliyopita nilipita Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, kutafuta meza, nikajikuta nimesimama mbele ya kabati lililochongwa kwa mtindo wa kizamani kutokana na mbao kuukuu za paleti za mizigo. Muuzaji alidhani nataka kununua. Kumbe mwenzako nilikuwa nalinusa tu. Mbao za paleti zina harufu yake, nusu vumbi nusu unga, na harufu hiyo ilinirudisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye bife ya bibi.

Sisi wa Kivu, Kongo, kabati la vyombo tunaliita bife. Ile ya mama yake bibi iliungua pamoja na nyumba yao, bibi akiwa bado mtoto, na mama mtu hakukawia kufariki. Maisha yake yote bibi alitamani kuiona tena. Hata kwenye sala ya jioni aliitaja.

Jirani yetu, fundi wa Kirundi, akakubali kumtengenezea. Mbao alizitoa kwenye paleti zilizobeba magunia ya unga. Misumari ililia ikichomolewa, nasi watoto tukainyoosha juu ya jiwe. Nilijiuliza: mtu anatengenezaje kitu cha zamani ambacho hajawahi kukiona? Kumbe kwa kuuliza. Bibi alikoroga sombe yake, yaani kisamvu, huku akichora hewani kwa mwiko: miguu imeviringwa hivi, mlango una ua hapa. Na urefu je, fundi akauliza.

"Ile ilikuwa inanipita," alisema. "Sukari ilikuwa kule juu, mpaka nipande ku kiti."

Fundi akachonga bife iliyompita bibi. Dude hilo, jamani! Likagoma kuingia mlangoni, likalala nje chini ya turubai, kuku wakahamia. Bibi alilizunguka. "Hii si yenyewe," akasema, akaingia ndani kulia. Sikuwahi kumsikia akilia, nikaogopa sana.

Fundi alikuna kichwa, akamfuata hadi mlangoni. "Mama, wakati ule ulikuwa mkubwa kama nani?"

Bibi alitutazama watoto mmoja mmoja, akaninyooshea kidole. Nikasimamishwa ukutani kama ninayeshonewa gauni la komunyo. Fundi akapima kiganja kimoja juu ya utosi wangu, akaikata bife upya. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana.

Safari hii iliingia. Majirani wakajaa ndani, wakasifu miguu, wakasifu ua. Bibi hakusifu. Alipiga magoti sakafuni, akawa kimo changu, akainua uso, akanyoosha mkono kuelekea juu.

"Sasa ni yenyewe," alisema. "Mama alikuwa anasimama fasi hii."

Waliokuwa wamesimama hapo wakapisha.

Bibi hayupo tena, na mchwa waliimaliza bife kabla sijahamia Mbarara. Mbao kuukuu zipo, mafundi wapo tele. Ila aliyejua ilivyokuwa amekwenda, nami nimebaki na hamu ya nyumba ile iliyoungua, ambayo sikuwahi kuingia.