Kuku Wazima

Jina la Mama Chachu alibandikwa na wifi yake, na wala hakubandikwa kwa mapenzi. Wifi alipita uani siku moja kama kawaida yake, bila hodi, akakuta ndoo imefunikwa kitambaa kando ya banda la kuku. Akafunua. Harufu ikampanda puani, akarudi nyuma akijipepea kwa upindo wa mtandio.

"Lo! Wifi, hiki chakula au kuna mtu kafia humu?"

"Ni pumba na mahindi ya kuparaza. Nimeyaloweka yachachuke. Ya kuku hayo."

"Basi na wewe mwenyewe umechacha. Mama Chachu!"

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa nalo. Jina baya halihitaji nauli.

Mwenye jina aliifunika ndoo yake akaendelea kufagia. Uchachu ule haukuwa ugunduzi wake. Mama yake mzazi alikuwa na chungu kwenye pembe ya jiko, na kuku wake walikula humo. Chungu kile hakikuoshwa hata siku moja mpaka chini. Lilibaki pawa moja la uji wa jana ili liuchachushe wa leo, na wa leo uje uuchachushe wa kesho. "Chachu hainunuliwi," mama alikuwa akisema, "inarithiwa." Watu wa siku zile hawakujua kueleza uchachu unafanya nini tumboni mwa kuku. Walijua tu kuku aliyekula humo haharishi hovyo, wakatosheka na kujua huko. Leo tunajua kueleza kila kitu, na chungu tumekivunja.

Maana baadaye lilikuja kopo. Wifi alifungua duka la chakula cha mifugo kwenye kona, na juu ya rafu, nyuma ya mizani, akaweka kopo la unga wa dawa. Kila mfuko wa chakula ulipata kijiko chake, kuku awe mgonjwa awe mzima, tangu yungali kifaranga mwenye manyoya ya pamba. Wakaliita "kinga." Na kuku kweli walikua. Kuku wa nyama wa siku hizi hana ujana: analala kifaranga, anaamka kitoweo. Mama Chachu naye alilitumia kopo miaka na miaka, kama wenzake wote. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kilichomgeuza, akaurudia uchachu wa mama yake na kubandikwa lile jina, ni mguu wa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa mabango, na mtaa wote ulimwita Fundi tu. Bucha, cherehani, kinyozi, duka la sabuni, hakuna mlango mtaani pale ambao hakuuandikia. Alichora herufi zenye kivuli, zenye tumbo na kiuno, mpaka asiyejua kusoma alisimama akazitazama. Kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango kwenye plastiki. Sasa herufi zote mtaani zimefanana kama vifaranga wa boksi moja, zinapauka kabla mwenye duka hajajulikana, na hakuna anayeona ubaya. Fundi alibakiwa na vibarua vya kupaka rangi kuta. Kwenye kibarua kimoja ngazi iliteleza, bati likamchana chini ya goti, na kidonda kikakataa kufunga.

Alimeza vidonge, vikabadilishwa, akameza vingine. Kidonda kilimtazama tu. Siku moja, kwenye chumba cha kufungia vidonda, muuguzi alitoa bandeji ya zamani na kutikisa kichwa.

"Mzee, vijidudu vyako vimeizoea dawa. Mgeni yule yule akikupigia hodi kila siku, mwishowe hata huinuki kitini."

"Vinaizoeaje?" aliuliza Mama Chachu, aliyekuwa ameshika kandambili za mumewe mkononi.

"Vikiionja kidogo kidogo pasipo haja. Kwa watu, hata kwa mifugo. Vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza."

Aliuliza jina la dawa ile. Alipofika nyumbani alilichukua kopo lake, akaligeuza, akasoma. Dawa ya koponi na ile ya Fundi zilikuwa ndugu wa ukoo mmoja. Muuguzi hakusema kidonda cha Fundi kilitoka kwa kuku, na Mama Chachu hakudai hivyo hata siku moja, nani angejua? Lakini aliliona kopo lile kwa jicho jingine. Kumbe alikuwa akiwapa wazima, kila asubuhi, kitu ambacho mgonjwa wake alikihitaji na hakikumfaa tena.

Fundi alichomwa sindano za namna nyingine na kidonda kikafunga, ingawa goti lilibaki gumu kama ufunguo wa kutu. Mama Chachu akamwita bwana mifugo.

"Ukiacha kopo," alimwambia yule bwana, akiyafinya maranda ya bandani kwa vidole kuona kama yana maji, "acha na uzembe uliokuwa umefichwa na kopo. Punguza kuku, wapate nafasi. Maranda yakae makavu. Chanjo kwa wakati wake, hiyo usiicheze. Huo uchachu wa mama yako mzuri, unalisaidia tumbo. Kitunguu saumu kwenye maji sawa, ila usikitegemee kwa miujiza. Na kuku akiugua kweli, niite tumtibu. Dawa ni ya mgonjwa."

Kundi la kwanza lilimtoa machozi. Alikiacha chakula kikavuka uchachu kikaota ukungu, na asubuhi alikuwa akiokota mizoga huku wifi akimhesabia kwa sauti juu ya ua. Kundi la pili alijifunza kuionja ndoo kwa pua: uchachu mzuri unanukia kama tunda, mbaya unanuka kama soksi. Kundi la tatu ndilo la kusimulia. Banda likawa kavu kiasi kwamba ungeweza kukaa chini na nguo nyeupe. Kuku walisimama imara, upanga mwekundu kichwani, macho kama shanga. Alipoingia asubuhi walimkimbilia kwa kishindo, naye alisimama katikati yao, ndoo kichwani, kama mtu anayepokea gwaride.

Ndipo wifi alipokuja kunywa chai sebuleni.

"Kaka," alimwambia Fundi, aliyekuwa ameuweka mguu juu ya kigoda, "mkeo atakulaza njaa. Kuku bila kinga, nani atanunua?"

Mama Chachu aliweka birika chini. "Wifi, sikia. Hawa wakinishinda kuwauza, nitakuja dukani kwako na mfuko mtupu, mchana kweupe, mbele ya wateja wako. Unipimie chakula chako na kopo lako juu yake. Na chungu cha mama yangu hutakisikia tena."

"Nitakuwekea kiti," alisema wifi, akaongeza sukari.

Kwa hiyo kuku walipofikia uzito wa kuuzwa, Fundi aliomba ubao. Tangu aanguke hakuwa ameshika brashi. Mkewe alimng'olea mlango wa kabati bovu, naye akauegemeza ukutani, akaandika akiwa amekaa, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi:

KUKU WASIO NA DAWA

Mama Chachu aliutundika getini, akavuka barabara ili autazame kwa mbali. Alijivunia herufi kuliko hata kuku.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha mkeka. Alisoma, akainamisha kichwa kwa huruma.

"Pole, mwenzangu. Wanaumwa nini?"

"Kina nani?"

"Kuku. Naona hamjapata dawa ya kuwapa."

"Hawaumwi!"

"Sasa mbona mnatangaza?" Akaenda zake.

Akaja kijana wa pikipiki, akasimama bila kuzima injini. "Wasio na dawa? Kwani wa wenzenu wana hirizi?" Akacheka peke yake, akaondoka. Akaja mzee mwenye fimbo, akausoma ubao kwa kidole. "Binti yangu," alisema kwa upole, "asiye na dawa si ndiye asiyeponyeka?"

Siku zikaenda hivyo. Na kuku wa nyama hangoji soko. Akishafikia uzito wake kila siku inayopita ni hasara: anakula, ananona, miguu inaanza kumlalamikia. Mama Chachu alichota kwenye ndoo asubuhi, akachota jioni, na getini hapakuwa na mtu.

Wifi alipita akitoka sokoni. "Kaka, bango zuri hilo. Umeandika tanzia." Kisha akamgeukia mwenye kuku. "Kiti kipo, wifi. Nimeshakipangusa vumbi."

Kesho yake mchana Mama Chachu alitungua mfuko mtupu kwenye msumari, akaukung'uta. Fundi alikuwa amekaa kizingitini.

"Unakwenda?"

"Neno langu nilisema mwenyewe. Nani atalimeza kwa niaba yangu?"

"Ni mimi niliyekuharibia."

"Herufi zako hazina kosa, Fundi."

"Herufi hazina kosa. Neno ndilo lenye kosa. Nimeandika walichokosa, sikuandika walicho nacho."

Hajamaliza, sauti ikasikika getini. Ni yule mama wa kikapu. "Jamani, bado tu hamjawatibu?"

Hapo Mama Chachu alipandwa na hasira. Aliutupa mfuko, akaingia bandani, akatoka na jogoo kwapani, mabawa yakimpiga usoni, akaenda naye mpaka getini.

"Nimtibu nini? Mtazame macho! Shika huu mguu! Mfinye kifua, usiogope! Dawa ni ya mgonjwa, mama. Kuku wangu wazima!"

Yule mama alirudi hatua nyuma, akamtazama jogoo, jogoo akamtazama. "Wazima?" alisema. "Kumbe hukati vipande? Si ungesema! Mimi kila bucha naambiwa paja, kidari, nusu. Mimi namtaka mzima."

Nyuma yao kikasikika kicheko. Kilikuwa kicheko cha Fundi, na mkewe aligeuka kana kwamba ameitwa na mtu aliyehama zamani, maana alikuwa hajakisikia tangu siku ya ngazi.

"Nipe brashi," alisema Fundi. "Na rangi nyeupe kwanza."

Safari hii hakutaka kukaa. Aliuacha ubao pale pale getini, akaushikilia mhimili kwa mkono mmoja, goti lake limenyooka kama fimbo, akafuta maneno ya zamani. Mama Chachu alishika kopo la rangi. Watu wakaanza kusimama. Ilikuwa zamani tangu mtaa ule uone herufi ikizaliwa mkononi mwa mtu: tumbo kwanza, kiuno, kisha kivuli. Watoto walisoma kwa sauti kadiri ilivyotokea. Kinyozi alitoka na kitambaa begani, akamwacha mteja ana nusu ya kichwa.

"Fundi! Kumbe mkono bado upo?"

"Mkono haukuwa na neno. Ulikuwa unauguza mguu."

Alipoteremsha brashi ubao ulisema KUKU WAZIMA, na chini yake, kwa herufi ndogo za mlazo, Dawa ni ya mgonjwa.

Hapakuwa na haja ya kueleza sana. Aliyetaka kuku asiyekatwa alielewa hivyo, aliyetaka kuku mwenye afya alielewa hivyo, na aliyetaka vyote viwili aliita jirani. Aliyeuliza zaidi alipelekwa bandani, akakanyaga maranda makavu, akanusishwa ndoo. Mama Chachu aliwaambia wazi: chanjo wamepata, kopo hawajalionja, na kama mmoja wao angeugua angetibiwa na asingekuwa kwenye biashara hii. Mama wa kikapu alirudi na dada zake. Mzee wa fimbo alimbeba kuku wake kwapani, akimsemesha njiani.

Mwishoni alibaki mmoja tu, aliyekuwa akichechemea. Mteja alimtaka hivyo hivyo.

"Simuuzi," alisema Mama Chachu.

"Mguu tu, mama! Mguu siutembelei, naula."

"Bango linasema wazima. Huyu si mzima. Njoo kundi lijalo."

Mteja aliondoka ananung'unika, na Fundi, ambaye naye alikuwa akichechemea, alisema kwamba walau ndani ya nyumba ile kuna anayewahurumia vilema. Kuku yule alibaki uani, akila bure kama mstaafu.

Siku iliyofuata Mama Chachu alioga, akavaa gauni lake la kutokea, akaukunja mfuko mtupu chini ya kwapa, akaenda dukani kwa wifi mchana kweupe. Duka lilikuwa limejaa. Wifi alipouona mfuko alipiga kofi.

"Jamani, nipisheni wifi yangu apite! Ameshindwa, lakini ameshindwa kiungwana. Kiti hicho, Mama Chachu. Kaa."

Mama Chachu alikaa. Alikaa vizuri, akakunja nne.

"Nipimie mahindi ya kuparaza. Nipimie pumba. Na mashudu ya alizeti, yawe mapya."

Wifi alipima huku akitabasamu kwa wateja, kisha akanyoosha mkono rafuni, akateremsha kopo, akachota kijiko.

"Rudisha."

Kijiko kikabaki hewani. "Rudisha nini?"

"Hicho. Banda langu tupu, wifi, wameisha wote. Nimekuja kununua cha kundi jipya."

Wateja wakageuka. Wifi aliutazama mfuko, akamtazama mwenye mfuko. "Sasa huko nyumbani utachanganya na nini?"

"Na jina ulilonipa."

Duka likaripuka kwa kicheko. Fundi cherehani aliyekuwa mlangoni alishika fremu asianguke. Wifi alijaribu kununa, akashindwa, maana naye ni mtu wa utani na utani mzuri humshinda hata mwenye duka. Alirudisha kijiko koponi.

"Wewe wifi," alisema, akijifuta machozi kwa mtandio, "wewe huna dawa!"

Mama Chachu alisimama, akainama, akaupandisha mfuko wake begani.

"Sina," alisema, akatoka nao barabarani.