Mama wa Kiayalandi niliyemtunza Doha aliamini mimi ni damu ya kaka yake aliyepotea

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo mambo.

Miaka yote nasoma tu humu, leo naandika. Hii si chai. Atakayeona ni chai aipite tu, mwezi huu sina nguvu ya kubishana na mtu.

Niko Doha, natunza wazee majumbani. Kwetu ni Siaya, Kenya, Mjaluo baba na mama. Ila kwenye QID yangu, kile kitambulisho cha ukaazi cha huku, jina la mwisho ni Lonergan.

Ndiyo, Lonergan. Jina la watu wa Ireland. Shuleni walinitania mpaka wakachoka wenyewe.

Jina ni la baba. Baba alilipata kwa mzungu mmoja, fundi wa mashine za kusaga unga, aliyeishi sokoni kwetu kabla ya uhuru na akafia hapo hapo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza zaidi. Kwetu mtu kubeba jina la marehemu si habari ya kumkalisha mtu chini.

Sasa, ofisi iliyonileta ikatuma CV yangu kwa engineer mmoja wa Ireland anaitwa Declan, anakaa kwenye ghorofa za West Bay. Alikuwa amemleta mama yake mzazi aishi naye. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, na kule kwao hakubaki mtu wa kumwangalia.

Baadaye nikajua kulikuwa na manesi wenye uzoefu kunizidi. Nilichukuliwa kwa sababu ya jina. Mama yule, Nuala, kwao alizaliwa Lonergan.

Siku ya kwanza tu akaniuliza jina nimelitoa wapi. Nikamjibu kama ninavyowajibu watu wote: baba alilipata kwa Lonergan, fundi mashine, aliyefia kwetu.

Alinishika uso kwa mikono miwili akalia. Mimi nimesimama na begi begani sijui nishike wapi.

Kumbe alikuwa na kaka, Michael. Aligombana na baba yao juu ya shamba, akaondoka nyumbani, akasema anakwenda Afrika. Nuala alikuwa bado msichana mdogo. Habari zake zilifika mara moja, kutoka Kenya, kwamba anatengeneza mashine za kusaga, kisha kimya mpaka leo.

Amemtafuta maisha yake yote. Aliniambia kwao zamani kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kutafuta maisha ng'ambo, kwa hiyo akina Lonergan wametapakaa Boston, Sydney, mpaka huko New Zealand. Kila aliyempata alimuuliza. Wote walikuwa Lonergan wa watu wengine.

Nilimwelewa sana. Hapa Doha nani hajaacha mtu nyumbani anayesubiri simu?

Declan hana mtoto. Mama alikuwa anajua siku zake si nyingi, na alitaka kitu kimoja tu: kujua kama Michael aliacha mtu nyuma yake, ili nyumba ya baba yao isiwe imeishia kwake. Sasa nimeingia mimi mlangoni na jina lile.

Wakuu, ile miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Mgeni akija ananitambulisha, "Huyu ni mjukuu wa kaka yangu." Akasema eti kidevu changu ni cha mama yake. Mimi huyu, mweusi tii! Lakini mgonjwa akifurahi anakula, na akila nami nafurahi.

Nikawa namwita Waya. Kijaluo ni shangazi, dada wa baba. Alilipenda hilo neno.

Rafiki yangu Mercy tunayekaa naye chumba kimoja Al Mansoura alinichekea sana. "Wee, umeomoka! Passport ya Ireland iko njiani, usitusahau huku."

Hapa naomba mnielewe, maana najua swali mtakalouliza. Kwetu baba akibeba jina la mtu, dada wa yule mtu ni dada yake. Nimekua nikiona bibi kizee anamwita mtoto mchanga aliyepewa jina la marehemu mumewe "mume wangu" na hakuna anayecheka. Kwangu Nuala alikuwa shangazi, basi. Swali la damu sikuwahi kuliweka kichwani, na sikujua kwamba yeye ndilo pekee alilokuwa nalo.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana akaomba azungumze na mtoto wa Michael kwa video.

Declan akaweka tablet mezani. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani, ameketi uani. Kiingereza chake ni cha kubahatisha, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani.

Baba akaanza kwa sauti kubwa, "Nyamera! Dada yangu!"

Nuala akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema, "Muulize, baba yake alikuwa anasema nini kuhusu sisi?"

Nikauliza. Baba akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Baba yangu? Si unamjua, Odhiambo. Huyo angewajulia wapi watu wa Ireland?"

Declan akasema, "Tafsiri." Nikatafsiri.

Basi baba akaeleza yote, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo la heshima. Lonergan alikufa kwa homa kwenye chumba chake nyuma ya kinu. Watu wake hawakujulikana. Babu yangu akamzika nje kidogo ya ua wetu, kwa sababu hakuwa na boma lake.

Kisha baba akazaliwa, akawa analia, anakataa ziwa. Wamama wakaita majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, maana mtoto akilia hivyo kuna anayetaka kukumbukwa. Hakunyamaza. Jina la mzungu wazee walilikataa, wakisema mtu aliyekufa bila mtoto jina lake ni mkosi. Mwishowe bibi akachoka akasema, "Haya, Lonergan." Mtoto akanyamaza, akanyonya.

Nilikuwa natafsiri sentensi baada ya sentensi, na uso wa mama unabadilika mbele yangu. Nilitamani mtandao ukatike. Haukukatika.

Nuala akasema, "Muulize. Hakuna hata mtoto mmoja?"

Baba akajibu, "Hakuna. Ndiyo maana alikuja kwangu."

Nikalisema kwa Kiingereza.

Baba hakuona kitu, akaendelea kwa furaha yake. "Mwambie kaburi nalifyeka mwenyewe. Mwambie sijawahi kujiacha kwenye magugu hata msimu mmoja."

Nuala akageukia dirishani. "Mwambie nashukuru. Lakini mimi nilikuwa namtafuta kaka yangu."

Hilo la mwisho sikulitafsiri. Nilimwambia baba kwamba dada amechoka.

Hakunifanyia ubaya wowote, wakuu. Hakunifukuza. Ila tangu siku ile akawa ananiita "nurse". Chakula kikaanza kurudi jikoni. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu Michael hakuisha, kuna mzee anaitikia jina lake kila siku. Akanipapasa mkono akasema, "Unajitahidi, nurse."

Niliumia, halafu nikamkasirikia. Baba yangu amembeba yule mtu maisha mazima, kwa nini hilo lisitoshe? Kisha namtazama alivyonyong'onyea kwenye kile kiti na hasira inaisha.

Alifariki mwezi uliopita. Declan akamsafirisha kwenda kumzika kwao. Aliniambia hanilaumu, na nadhani alisema kweli.

Baba alikuwa anauliza kila wiki, "Nyamera anaendeleaje?" Nami najibu anaendelea vizuri, amelala. Mwishowe nikamwambia amefariki.

Kesho yake alinyoa nywele. Akatoa kiti nje, majirani wakaja kumpa pole kama mtu aliyefiwa na dada. Jioni akanitumia voice note: "Mwanangu, baba alikwenda, mama alikwenda, na sasa Nuala. Kwetu nimebaki peke yangu."

Baba ana ndugu sita hai, wakuu. Hakuwa anawazungumzia hao.

Nimeisikiliza kwenye metro nikienda kwa mgonjwa mpya, Al Sadd. Nimelia mbele za watu.

Nilichojifunza ni hiki: ukimwambia mtu "sisi ni ndugu", hakikisha mnahesabu undugu kwa namna moja. Na wazee wakiwa hai, waulizeni jina mlilobeba lilifikaje.

Mniambie basi. Yule mama alikosa kaka yake, au alimpata akamkataa? Mimi nimeshindwa kujijibu, na baba nimeogopa kumuuliza.